Mzinga wa Shaba Usiusugue

Kule Kariobangi Light, vyuma chakavu vikishapimwa kwenye mizani huchambuliwa kwa mkono: alumini huku, shaba kule. Alumini huyeyushwa na kumiminwa kwenye modo za mchanga, ikatoka sufuria. Anayetaka kuielewa lantaka, ile mizinga midogo ya shaba ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na aanzie kwa mafundi hawa, kwa sababu mzinga halisi hutambulika kwa jinsi ulivyosubiwa.

Lantaka ilikaa juu ya uma wa chuma ukingoni mwa chombo, na mpigaji akaizungusha kwa mpini wa mbao uliochomekwa nyuma. Wasubaji wa Brunei ndio waliosifika zaidi. Walifinyanga mzinga mzima kwa nta juu ya kiini cha udongo, mapambo na yote, wakaufunika kwa udongo laini, wakauchoma hadi nta ikatoka, kisha wakamimina shaba iliyochanganywa na bati. Kalibu ilivunjwa kila mara, ndiyo maana ni vigumu kupata mizinga miwili inayolingana kabisa. Huko Borneo mizinga hiyo ilitolewa hata kama mahari.

Nakala iliyomiminwa kwenye modo ya mchanga yenye vipande viwili hubaki na mstari mwembamba wa muungano ubavuni, na tupa haiufuti vizuri. Chungulia pia tundu la kuwashia baruti. Kwenye nakala nyingi za watalii halikupenya hadi ndani.

Ufundi wa nta si mgeni kwetu: siwa ya shaba ya Lamu ilisubiwa hivyo hivyo. Na mizinga ya kale ipo pwani yetu. Meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 Waomani wakiwa wameizingira ngome, na wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977.

Kwa hiyo kipande cha ajabu kikitua kwenye mizani, kisiende kuyeyushwa. Kwa sheria ya makumbusho ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, kisipokuwa kitabu au hati, ni cha kale. Kipigwe picha, kipimwe urefu na uzito, Makumbusho ya Taifa waarifiwe. Brashi ya waya wala asidi visikiguse: ukijani mgumu ulioshikana hukilinda. Unga wa kijani mpauko unaopukutika ni jambo jingine. Hiyo ni chumvi ambayo bado inaila shaba, na kitu hicho kiwekwe pakavu mpaka mtaalamu akione.