Muziki wa Mombasa usiachwe uozee kwenye kanda

Aghalabu sisi watu wa bara tunapoutaja mji wa Mombasa, fikra zetu huishia bandarini na ufukweni. Tunasahau kwamba mji huo umeilea nchi hii kimuziki kwa zaidi ya karne moja. Naandika haya nikiwa Kanduyi, mamia ya kilomita kutoka baharini, kwa kuwa naamini historia hiyo ni mali yetu sote, nayo imo hatarini kupotea.

Katika miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa waliyatazama magwaride ya wakoloni, wakatwaa tarumbeta na ngoma, wakaunda beni. Jina lilitokana na Kiingereza, lakini mashindano ya mitaa, majigambo na mafumbo yalikuwa ya Waswahili wenyewe. Hiyo ndiyo tabia ya Mombasa hadi leo: hupokea chombo cha mgeni, kisha hukifundisha kusema Kiswahili.

Taarabu ni ushahidi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makao Mombasa, aliucharaza udi wa Kiarabu akiuambatanisha na ushairi wa kwao. Juma Bhalo alichukua lahani za filamu za Kihindi, akaziimbia tungo za binamu yake, malenga Ahmad Nassir. Zuhura Swaleh akaingiza mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake harusini, pamoja na tashkota, ala yenye asili ya Japani. Huko Frere Town, makazi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, alitoka Joseph Ngala, mpuliza saksafoni anayetambuliwa kuwa mwasisi wa bango. Mwaka 1982 Them Mushrooms, waliokuwa wakiwatumbuiza watalii hotelini, walitoa "Jambo Bwana". Mwaka uliofuata, kundi la Boney M kutoka Ujerumani likaurekodi upya.

Je, muziki huo ulitufikiaje sisi? Njia ya mizigo ndiyo iliyokuwa njia ya nyimbo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuja kupitishwa Bungoma kuelekea Uganda, na barabara kuu ya Malaba hupita papa hapa Kanduyi. Nikiwa kijana nilinunua kanda zilizoletwa na madereva wa malori. Zilikuwa nakala ya nakala, sauti imefifia, jina la mwimbaji limeandikwa kwa kalamu au halikuandikwa kabisa. Niliujua mlio wa udi kabla sijaiona bahari.

Kanda hizo ndizo kiini cha hofu yangu. Sehemu kubwa ya taarabu ya Mombasa ilirekodiwa harusini, ikauzwa madukani kwa kanda. Kanda hukatika, huota ukungu, hatimaye hunyamaza. Zaidi ya hayo, nakala zilizosambazwa ovyo ziliwanyima wasanii malipo ya jasho lao. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein l'Abdin akamfuata mwaka 2016. Walioketi nao jukwaani, wanaojua ni nani alipiga fidla katika wimbo upi, nao umri umewatupa mkono.

Wapo watakaodai kwamba intaneti imekwisha kututatulia jambo hili. Ni kweli, nyimbo kadhaa husikika huko. Lakini wimbo usiotajwa mtunzi, mpigaji wala mwaka ni yatima. Hauwezi kumfunza mwanafunzi historia, wala kumpatia mjane wa msanii haki yake.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, yakiwemo makumbusho na maktaba. Basi serikali ya Kaunti ya Mombasa na ikusanye kanda zilizosalia majumbani na madukani, izinakili kwa mitambo ya kisasa, iwahoji wazee na kuyaandika majina yote. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na hasara ya kukaa kimya. Nasi wa Bungoma tusiwacheke jirani zetu wa pwani. Wapigaji wetu wa litungu wanazeeka, na wengi wao hawajarekodiwa hata mara moja.

Wahenga walitupa onyo ambalo wafanyabiashara hulishika kuliko wanamuziki: mali bila daftari hupotea bila habari.