Waya wa Shume

Anayetoka Karatu mjini kwenda lango la Lodoare hupita kwanza kwenye mashamba ya mahindi, mbaazi na kahawa yaliyopakana na mistari ya migrivea. Halafu mashamba yanakoma ghafla na msitu unaanza. Upande huu jembe, upande ule nyati na tembo. Katika nyanda hizo za juu za Ngorongoro, hasa kwenye miteremko isiyopata mvua nyingi, huota mti uitwao mwangati: mrefu, gome lake huchanika nyuzinyuzi, na harufu yake hubaki mkononi mwa aliyeukata.

Mwangati wa Ngorongoro haukuwahi kujenga kiwanda kikubwa. Mwangati wa Shume ulijenga, na habari yake inafaa kusimuliwa Karatu.

Shume iko wilayani Lushoto, juu ya Usambara Magharibi, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,900. Kijiji kiko karibu na ukingo wa uwanda wa juu, na mbele kidogo ardhi inaporomoka hadi kwenye tambarare kavu ya Mkomazi. Asubuhi ukungu hutanda kwenye viazi na kabichi. Chini kule jua tayari linachoma mkonge.

Kabla ya msumeno walikuwapo wafugaji. Wambugu walichunga ng'ombe wao kwenye mbuga ndogondogo zilizokuwa katikati ya msitu wa Magamba na Shume, jirani na Wasambaa waliolima mabondeni. Hapa Mwiraqw wa Karatu ana sababu ya kutega sikio. Wambugu wana namna mbili za kusema, na mojawapo, ile inayoitwa Kima'a, ina sarufi ya Kibantu lakini maneno yake mengi ni ya Kikushi, ya ukoo mmoja na Kiiraqw. Mtaalamu wa lugha Maarten Mous wa Uholanzi aliandika sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, kisha mwaka 2003 akatoa kitabu kizima kuhusu lugha hiyo ya Wambugu. Milima miwili iliyo mbali hivyo imeunganishwa na maneno ya kinywani.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Njiani ilipita Mkumbara, chini kabisa ya genge la Shume. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa na kibali cha kuvuna msitu ule wa juu, wenye mwangati uliotakiwa sana Ulaya. Mbao za mwangati ni nyepesi, huchongeka bila kukatika, na kwa sababu hiyo zilifaa kutengenezea penseli. Tatizo lilikuwa genge. Gogo liko juu, behewa liko chini, na baina yao kuna mteremko ambao mkokoteni wa ng'ombe usingeuweza.

Jibu likatoka Leipzig. Kampuni ya Adolf Bleichert, mabingwa wa njia za waya wa enzi hizo, iliunganisha Mkumbara na kiwanda cha kupasulia mbao kilichokuwa juu kwa waya wenye urefu wa kilomita zipatazo 9, ukishuka zaidi ya mita 1,000. Nguzo za chuma zilisimikwa mlimani, na mahali pengine waya ulining'inia hewani juu ya korongo bila nguzo kwa mamia ya mita. Njia za aina hiyo zina waya mmoja mnene uliotulia, ambao magurudumu ya vibebeo huteleza juu yake, na mwingine mwembamba unaovuta. Uzito wa mizigo inayoshuka ndio unaovuta vibebeo vitupu kurudi juu, hivyo kazi kubwa ya fundi ni kufunga breki.

Kiwanda na makazi yaliyokizunguka yaliitwa Neu-Hornow, yaani Hornow Mpya. Jina hilo halikudumu. Majeshi ya Uingereza yaliingia Usambara mwaka 1916, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal ukarudi kuwa Lushoto, na Neu-Hornow ikabaki kwenye ramani za kale. Jina la Shume, la wenyeji, ndilo lililoshinda.

Msumeno haukuondoka na Wajerumani. Serikali ya Kiingereza, na baadaye ya Tanzania, iliendelea kuhesabu Shume kuwa nchi ya mbao, ila mti wenyewe ukabadilika. Palipokatwa mwangati pengi palipandwa msindano na msaiprasi, miti ya Mexico na Amerika ya Kati inayofaa kupasuliwa kabla ya kufika miaka 30, wakati mwangati huhitaji muda mrefu zaidi. Leo Shamba la Miti Shume liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na msitu wa asili uliosalia jirani umehifadhiwa tangu mwaka 2010 kama Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Huko Mkumbara, ulikoishia waya, kilikuja kujengwa kiwanda cha Tembo Chipboards, cha kubana vipande vya miti kuwa mbao bapa.

Kwa nini basi Karatu haikuwa Shume? Miti ilikuwapo, na walowezi wa Kijerumani pia walikuwapo, hasa Oldeani, walikolima kahawa. Kilichokosekana ni njia. Reli ilifika Arusha mwaka 1929 na haikuendelea magharibi; kati ya Arusha na Oldeani kulikuwa na ukuta wa Bonde la Ufa. Gogo zito halilipi likisafirishwa mbali hivyo kwa barabara ya vumbi. Kisha mwaka 1959 likaundwa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, na msitu ukawa ndani ya mipaka yake. Si kwamba watu wa Karatu waliupenda msitu kuliko watu wa Usambara. Msumeno ulichelewa, na sheria ikautangulia.

Kuchelewa huko ndiko kunakowanywesha watu maji leo. Mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu ule hulisha vijito vya Karatu, na chemchemi za Mang'ola zinazomwagilia mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi.

Lakini njia sasa ipo. Lami imefika mpaka langoni, malori yanapanda, misumeno ya moto inapatikana, na Karatu inajenga nyumba na hoteli kila mwezi. Kinachoukinga msitu, pamoja na askari wa hifadhi, ni ile migrivea ya mipakani mwa mashamba. Mti huo wa Australia uliletwa Afrika Mashariki kutia kivuli kwenye kahawa na chai. Hukua haraka, hukatwa matawi ya kuni na kuchipua tena, na seremala hupata humo mlango, kitanda na kenchi. Kila mgrivea unaopasuliwa Rhotia au Mbulumbulu ni mwangati mmoja usioguswa mlimani.

Mbao halali huwa na alama ya nyundo ya TFS na hati ya kusafirishia. Unayejenga Karatu mwaka huu, kabla hujalipa, omba kuonyeshwa vyote viwili.