Tiba ya Mwanga na Maumivu ya Mtoto Kitini pa Daktari wa Meno

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtoto aliyewahi kudungwa sindano ya ufizi, akalia asisikizwe, hangoji kuiona sindano ya pili. Harufu ya dawa mlangoni humtosha. Aghalabu mtoto kama huyo hukua akiikwepa kliniki, hadi jino lililohitaji kuzibwa tu likawa la kung'olewa. Ndiposa kumpunguzia mtoto maumivu kunapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Miongoni mwa njia ambazo wataalamu wa meno wamezichunguza kwa ajili hiyo ni tiba ya mwanga. Istilahi hii yahitaji ufafanuzi, kwani katika Kiswahili mwanga ni nuru, na pia ni mchawi awangaye usiku. Tiba inayozungumziwa hapa haina uganga wowote. Hutumia mwanga mwekundu, au ule ulio ng'ambo ya wekundu usioonekana kwa macho, wenye mawimbi ya urefu wa takriban nanomita 600 hadi 1000. Mwanga huo hutolewa na leza hafifu au taa ndogo za LED. Tofauti na leza ya upasuaji, haukati wala hauchomi.

Leza ya kwanza iliundwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka wa 1960. Mnamo 1967, daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alimulika ngozi ya panya walionyolewa, akaona kwamba manyoya yao yalichipuka upesi kuliko ya wenzao wasiomulikwa. Kutokana na tukio hilo, uchunguzi ulipanuka hadi kwenye vidonda na maumivu.

Je, mwanga hupunguzaje maumivu? Ndani ya seli mna mitokondria, ambazo kazi yake ni kuzalisha nishati. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba kimeng'enya kimojawapo humo hufyonza mwanga huo, seli ikapata nishati zaidi na uvimbe ukapungua. Aidha, neva zinazopeleka habari ya maumivu kwenye ubongo hupunguza kasi kwa muda.

Kitini pa daktari, mtoto huvishwa miwani ya kukinga macho, naye daktari na wasaidizi wake huvaa yao. Kisha ufizi humulikwa kwa muda mfupi kabla ya sindano ya ganzi. Mwanga huweza pia kutumiwa baada ya jino kung'olewa, au meno yanaponyooshwa kwa nyaya.

Hata hivyo, si kila king'aacho ni dhahabu. Kuhusu sindano ya ganzi, baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba watoto waliomulikwa waliumia kidogo kuliko wenzao, ilhali mengine hayakuona tofauti ya maana. Ushahidi ulio imara zaidi unahusu vidonda vya kinywani vinavyowapata wagonjwa wa saratani, watoto kwa watu wazima, kutokana na dawa kali au mionzi. Kwa vidonda hivyo, taasisi ya NICE ya Uingereza iliunga mkono matumizi ya leza hafifu mwaka wa 2018. Kipimo nacho kina uzito wake: mwanga ukiwa haba haufai kitu, na ukizidi manufaa yake hufifia.

Kwa hivyo, mwanga hauchukui nafasi ya ganzi. Jino bovu la mtoto likichokonolewa bila ganzi kwa kisingizio cha taa, mtoto atakuwa amedhulumiwa. Wala taa haimwondolei daktari wajibu wa kumweleza mtoto, kwa maneno anayoyaelewa, kile atakachofanyiwa, na kusita anapoinua mkono. Mzazi anayeelezwa kuhusu tiba hii ana haki ya kuuliza mambo matatu: inatuliza maumivu gani, kwa kipimo kipi, na ganzi itatolewa lini.