Taa ya Injini Imewaka: Liulize Gari Kabla ya Kulipa

Taa ya injini inapowaka, wengi hufanya moja kati ya mawili: huipuuza mpaka gari lizime njiani, au hukimbilia gereji kulipia kipimo cha kompyuta. Kabla ya yote mawili ipo hatua isiyo na malipo. Magari mengi yametoka kiwandani yakiwa na uwezo wa kujipima. Ukifuata utaratibu fulani wa ufunguo, kitufe au pedali, gari lenyewe linakutajia namba ya hitilafu kwenye dashibodi. Hapa tunailinganisha njia hiyo na nyingine mbili, ili ujue ni lini pesa yako inastahili kutoka mfukoni.

Dashibodi yenyewe: bure

Kila chapa ina utaratibu wake. Kwenye Jeep, Dodge na Chrysler nyingi za miaka ya 2000, ufunguo hupelekwa ON na kurudishwa OFF mara mbili, kisha ON tena, haraka haraka na bila kuwasha injini. Namba hujiandika mahali pa kilomita.

Nissan nyingi zenye pedali ya mafuta ya umeme, Tiida ikiwamo, hujibu kwa taa. Weka ON bila kuwasha, subiri sekunde 3. Kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7, kanyaga tena hadi mwisho na ushikilie kama sekunde 10, mpaka taa ya injini ianze kuwaka na kuzima, kisha achia mara moja. Sasa hesabu. Kila kundi la mimweko ni tarakimu moja, na mimweko 10 ni sifuri. Ukipata 10, 3, 4, 10, umesoma 0340: saketi ya sensa ya kamshafti. Sifuri nne maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Andika namba kwanza, wala usiishikilie pedali tena, kwa sababu hivyo ndivyo kumbukumbu inavyofutwa.

Kwenye Toyota za zamani, waya huunganisha matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku kilicho chini ya boneti. Nyingi za baadaye zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia matundu namba 4 na 13 ya soketi iliyo chini ya usukani. Taa ikipepesa haraka kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna hitilafu. Lakini tundu namba 16 lina umeme wa betri muda wote. Ukilikosea, unaunguza fyuzi. Asiye na uhakika na waya aiache njia hii.

Kuna pia kipimo cha mishale. Kwenye Ford nyingi, shikilia kitufe cha kilomita za safari huku ukiweka ON. Mshale wa mafuta ukipanda na kushuka vizuri, geji ni nzima. Kama bado inasoma vibaya, tatizo litafutwe kwenye boya la tangi au waya wake. Usikubali kuuziwa dashibodi nyingine.

Kifaa cha Bluetooth: unanunua mara moja

Magari yanayouzwa Marekani yana soketi ya kupimia ya OBD-II tangu modeli za 1996, na ya petroli Ulaya tangu 2001. Kifaa kidogo cha aina ya ELM327 huchomekwa hapo na kuongea na simu kupitia programu kama Torque au Car Scanner. Dar es Salaam, vile vya bei nafuu hupatikana kwa takriban shilingi 20,000 hadi 50,000.

Hapa unapata zaidi ya namba: joto la injini, volti za betri na hali ya sensa wakati injini inanguruma. Kabla ya kununua, kagua mambo mawili. Kwanza, vifaa vingi vya Bluetooth vya bei nafuu havikubali iPhone, ambayo huhitaji vya WiFi au vya Bluetooth LE. Pili, baadhi ya magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayaelewani navyo, na vingi husoma injini tu, si ABS wala mifuko ya hewa.

Fundi mwenye mashine: unalipa kila mara

Kipimo kimoja cha gereji mara nyingi hulingana na bei ya kifaa cha Bluetooth au kuizidi. Gharama hiyo inafaa pale tatizo lilipo kwenye ABS, mifuko ya hewa, gia za otomatiki au ufunguo, au pale namba ileile inaporudi baada ya kufutwa. Lipia pia maelezo: omba namba iliyosomwa, na umwulize fundi amethibitishaje kwamba sehemu anayotaka kubadilisha ndiyo mbovu.

Hasara kubwa iko wapi

Hasara kubwa hutokana na kununua spea kwa kufuata namba peke yake. P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa chafu ya hewa au pampu dhaifu. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi. Kama kila silinda ina koili yake, badilisha nafasi ya koili ya kwanza na ya pili, futa namba, endesha. Ikitokea P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, geukia plagi, nozeli au injini yenyewe.

Uamuzi wetu

Anza na dashibodi, kwa sababu haikugharimu kitu. Kama gari lako linakubali, nunua kifaa. Kitajilipa kwa kukuepusha na kipimo kimoja au viwili. Kinafaa zaidi unaponunua gari la mkononi, kwa kuwa huonyesha kama kumbukumbu ilifutwa karibuni. Siku hiyo angalia pia taa ya injini ukiweka ON: isipowaka kabisa, uliza kwa nini. Na taa hiyo ikipepesa ukiwa barabarani, simama mahali salama na uzime injini. Injini inamisi, na mafuta yasiyoungua yanaharibu katalisti ya ekzosi, na katalisti ni ghali kuliko vipimo vyote vilivyotajwa hapa.