Intaneti ya Kijiji: Anza na Bili, Mlingoti Baadaye

Kampuni ya simu hupeleka mnara mahali ambapo wateja watalipia umeme, mlinzi na mafuta ya jenereta, kisha faida ibaki. Kijiji chenye kaya mia mbili zilizotawanyika mabondeni mara nyingi hakifikii kiwango hicho, na kusubiri kunaweza kuchukua miaka mingi. Ndipo wakazi hujiuliza kwa nini wasijijengee mtandao wao. Inawezekana, na imefanyika Afrika na hata Ulaya. Tatizo ni kwamba kamati nyingi huanza kwa kuulizia bei ya antena, ilhali antena ndiyo sehemu rahisi. Swali gumu ni nani atalipa bili ya mwezi wa kumi na tatu, mfadhili akishaaga.

Tuanze na Mankosi, eneo la vijiji katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walishirikiana na viongozi wa jadi na wakazi wa pale, zikachaguliwa nyumba za kuweka vifaa vya redio vinavyotumia sola. Mwaka 2014 wakazi wakasajili ushirika wao, Zenzeleni. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na watu walikuwa wakilipa ili kuchaji simu. Kwa kuwa betri za redio zilibaki na nguvu ya ziada, ushirika ukaanza kuchaji simu kwa ada ndogo. Mradi wa mawasiliano ukapata kipato kabla ya kuuza intaneti. Waliotangulia kutazama bili walikuta fedha mahali ambapo muuza antena asingeziona.

Bili kubwa kuliko zote ni ya lango, yaani mahali mtandao wa kijiji unapoungana na intaneti ya dunia. Lango laweza kuwa faiba iliyofika mji wa karibu, chuo au hospitali iliyokubali kugawana laini yake, au setilaiti. Starlink, kwa mfano, ilianza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, na imevutia vikundi vingi. Ila someni mkataba kabla ya kulipa, kwa sababu vifurushi vya nyumbani kwa kawaida haviruhusu mnunuzi kuwauzia wengine.

Mnunue kiasi gani? Tuseme mmepata megabiti 100 kwa sekunde kwa ajili ya kaya 200. Mkigawa sawasawa, kila kaya inapata nusu megabiti, na kikao kitalalamika kwamba fedha zimepotea. Lakini kaya zote haziingii mtandaoni kwa pamoja. Ikiwa saa mbili usiku, wakati wa msongamano, kaya moja kati ya tano ndiyo inayotumia, hizo ni kaya 40, kila moja ikiwa na megabiti 2.5. Hapo simu ya video inapita, na video ya ubora wa kati pia. Sharti ni ruta iwekewe kikomo kwa kila mtumiaji, la sivyo mtu mmoja anayepakua filamu atawakwamisha majirani wote. Vilevile, seva ndogo iliyowekwa shuleni inaweza kuhifadhi Wikipedia nzima na masomo ya wanafunzi. Kinachosomwa humo hakipiti langoni, kwa hiyo hakiongezi bili.

Kutoka mjini hadi kijijini, njia ya bei nafuu ni redio za masafa ya gigahezi 5. Fundi asiye na uzoefu hupanda juu ya paa, akauona mlingoti wa mjini kwa macho, akatangaza kwamba njia ni safi. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye mstari mwembamba. Yanahitaji nafasi inayotanuka katikati ya safari. Kwa umbali wa kilomita 10 na masafa ya gigahezi 5.8, nafasi hiyo hufikia takriban mita 11 kila upande wa mstari pale katikati. Kanuni ya mafundi ni kwamba angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani karibu mita saba. Ongeza mita moja na nusu ya mbinuko wa dunia. Kwa hiyo mwembe uliosimama katikati ya njia unatakiwa uwe chini ya mstari kwa mita nane hadi tisa, na kumbukeni kwamba mwembe hukua. Kiungo kilichofanya kazi vizuri Januari kikianza kusuasua baada ya mvua mbili, kagueni miti kabla ya kununua redio mpya.

Mahali ambapo msitu au vilima havikwepeki, masafa ya televisheni yasiyotumika yanaweza kusaidia. Mawimbi yake ni marefu na hupenya majani vizuri zaidi. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliijaribu njia hii katika mtandao wa jamii. Kasoro zake ni mbili: vifaa ni adimu, na haviwashwi bila ruhusa ya mdhibiti.

Umeme nao una hesabu yake. Kituo chenye redio mbili na ruta hutumia wati 25 hivi. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 600. Mkitaka kivumilie siku mbili za mawingu, mnahitaji wati-saa 1,200 zinazotumika. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mtanunua ya volti 12 na ampea-saa 200. Ya lithiamu ya ampea-saa 125 hufanya kazi hiyohiyo na hudumu miaka mingi zaidi. Paneli za wati 200 hadi 250 zitatosha sehemu nyingi zetu. Msiache waya wa erthi na kinga ya radi ili kuokoa fedha. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na pigo moja linaweza kuunguza akiba ya mwaka mzima.

Sheria isisubiri mlingoti usimame. Masafa ya gigahezi 2.4 na 5 hutumiwa na watu wengi bila leseni ya masafa, mradi nguvu isizidi kiwango, lakini kutoa huduma kwa umma ni jambo jingine na huhitaji kibali. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu wa leseni mahususi kwa mitandao ya jamii, kwa ada iliyo chini ya ile ya kampuni za biashara. Tanzania, mahali pa kuuliza ni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Nendeni mkiwa na katiba ya kikundi na ramani ya eneo. Maswali mtakayoulizwa pale yatawasaidia hata nyinyi wenyewe.

Sasa turudi kwenye fedha. Katika bonde la Lune, kaskazini mwa England, wakazi walianzisha shirika la B4RN mwaka 2011, wakauziana hisa, kisha wakajichimbia mitaro ya faiba. Wenye mashamba waliruhusu waya upite bila kudai malipo, na aliyechimba aliweza kupokea hisa badala ya fedha taslimu. Walielewa kwamba gharama kubwa ya faiba vijijini iko kwenye kuchimba na kulipia njia, kuliko kwenye waya wenyewe. Leo nyumba zao hupata gigabiti moja kwa sekunde. Vijiji vyetu vina desturi ya msaragambo na harambee, na nguvu hiyo inaweza kusimamisha milingoti, kujenga kibanda cha betri na kutoa paa za bure. Ila msidanganyane: jembe hupunguza gharama ya kuanza tu. Mwenye faiba mjini hapokei siku za kazi. Anataka fedha kila mwezi.

Kwa sababu hiyo, ada ya mwanachama isitokane na bei ya jirani. Jumlisheni bili ya lango, posho ya fundi, ada ya leseni na uchakavu. Tuseme betri inauzwa shilingi 600,000 na itadumu miaka mitano. Inadai shilingi 10,000 kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza ingali mpya. Miradi mingi ya maji iliyokufa vijijini ilikufa hapohapo: pampu ilifanya kazi, michango ikalegea, na siku pampu ilipoharibika sanduku la kamati lilikuwa tupu.

Mafundi nao wawe zaidi ya mmoja, na wachaguliwe kati ya wenye mizizi pale kijijini, wanawake wakiwemo. Kijana aliyefuzu vizuri huitwa mjini. Zenzeleni walipokua, waliunda kampuni isiyo ya faida pembeni ya ushirika, inayosaidia mambo ya kitaalamu, ya kisheria na ya ununuzi wa lango. Umiliki ukabaki kwa wakazi, utaalamu mzito ukagawanywa kati ya vijiji. Vijiji vitatu vinavyopakana vinaweza kufanya vivyo hivyo, vikanunua lango moja kubwa kwa bei nafuu na kumlipa fundi mkuu mmoja.

Na kama hesabu haifungi? Punguzeni ukubwa kabla hamjapandisha ada. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu nchini Kongo, mtandao uitwao Pamoja Net ulianzia kwenye sehemu ya wazi ambako watu waliweza kuja na simu zao na kuunganishwa. Shule, zahanati na kibanda kimoja sokoni vinatosha kuonyesha, ndani ya miezi sita, watu wanatumia nini na wako tayari kulipa kiasi gani. Mkishakuwa na takwimu hizo mkononi, hata mfadhili mtazungumza naye tofauti: mtamwomba mlingoti, na bili mtamwambia aiache kwenu.