Je, wajua? Picha inaleta Nargis, mluzi unaleta Lata

Wanaouguza ndugu zao Ikonda, kwenye hospitali ya Wamisionari wa Consolata wilayani Makete, mkoani Njombe, husubiri sana, na simu ndiyo hupunguza urefu wa siku. Tuseme mmoja wao ni bibi aliyependa sinema za Kihindi enzi za usichana wake. Wimbo anaukumbuka vizuri, ila jina la filamu limemtoka kabisa. Ataandika nini kwenye simu?

Hana haja ya kuandika. Tangu Oktoba 2020, programu ya Google inatafuta wimbo kwa mluzi au kwa kuuvumisha mdomo ukiwa umefumba. Sekunde 10 hadi 15 zinatosha. Sauti ikikwaruza si neno. Programu hufuata tu jinsi wimbo unavyopanda na kushuka, huugeuza kuwa mfululizo wa namba, kisha huulinganisha na mifululizo ya nyimbo ilizonazo.

Picha nazo hutafutwa kwa hesabu. Mwaka 2000 watu walisaka kwa wingi gauni la kijani alilovaa Jennifer Lopez kwenye tuzo za Grammy, wakaambulia maandishi. Julai 2001 Google ikaanzisha huduma ya picha. Mwanzoni ilitegemea maneno yaliyo karibu na picha, kama jina la faili na maelezo yake. Mwaka 2011 ikaanza kupokea picha yenyewe: inapima rangi, kingo na maumbo, inapata namba, halafu inaleta picha ambazo namba zake zinakaribiana na hizo.

Video ndiyo kazi pevu. Sinema hupitisha picha 24 kila sekunde, hivyo filamu ya saa tatu ina picha 259,200. Ndiyo maana kichwa cha video na maelezo ya aliyeipakia bado vina uzito mkubwa. Akikosea jina la filamu, nawe utaikosa.

Sasa jaribu Awaara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, iliyopendwa mno Zanzibar na Dar es Salaam. Tafuta kwa picha ya mwanamke anayeimba, utaletewa Nargis. Tafuta kwa wimbo wake, utaletewa Lata Mangeshkar. Majibu yote mawili ni sahihi: Lata aliimba studio, Nargis akafuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Mombasa nako, mwimbaji Juma Bhalo alitia mashairi ya Kiswahili katika tuni za filamu za Kihindi, kwa hiyo mluzi uleule unaweza kuwa na wenyewe wawili. Programu haijui wewe unamkusudia nani. Inajua namba zipi zimefanana.

Na kuna kisichopatikana kwa njia yoyote. Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ilikuwa na nyimbo saba, lakini haijulikani nakala yake hata moja iliyosalia. Ukiitafuta utaona mabango na picha chache, basi. Injini ya kutafutia haina inachokumbuka yenyewe. Hutoa kilichotunzwa na mtu, kikapakiwa, kikapewa jina sahihi. Mwenye kanda za zamani kabatini azihamishie kwenye kompyuta kabla ukungu haujazila.