Desen anime: ujanja wa kamera inayosimama, tangu Paris mpaka Kinshasa

Mwaka wa 1992, filme moja fupi ilitengenezwa juu ya mji wa Kinshasa bila mwigizaji hata mmoja. Jina lake ni « Kinshasa, septembre noir ». Inaonyesha uporaji wa Septemba 1991, wakati askari wenye hasira juu ya mishahara waliingia barabarani kuvunja maduka na magazini, kisha raia nao wakaingia humo. Picha zake ni michoro ya watoto.

Aliyeitengeneza ni Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mwana wa Lubefu katika Sankuru. Huku kwetu mashariki jina lake halisikiki sana, na hiyo ni hasara. Katika inchi ambapo mambo mengi makubwa yanapita bila mtu kuyapiga picha, yeye alionyesha kwamba mambo yanaweza kuingia katika filme hata kisha kupita, kama kuna watu waliyoyaona na wanaoweza kushika kalamu.

Lakini karatasi ya mtoto inageuka filme namna gani? Jibu linaturudisha nyuma zaidi ya miaka 120, wakati sinema yenyewe ilikuwa ingali changa.

Gari la abiria linageuka gari la maiti

Georges Méliès alikuwa mtu wa mazingaombwe huko Paris, mwenye ukumbi wake wa maonyesho, Robert-Houdin. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa akipiga filme kwenye uwanja wa Opéra, kamera ikakwama. Ilimuomba kama dakika moja kuitengeneza, kisha akaendelea. Alipoonyesha mkanda ule, aliona gari la abiria likigeuka mara moja kuwa gari la kubeba maiti. Wakati kamera ilikuwa imesimama, barabara ilikuwa imeendelea na kazi yake.

Hadithi hiyo ni tamu mno, na wahistoria wengi wanaitilia mashaka. Tena huko Marekani walikuwa wamemtangulia. Mwaka wa 1895, Alfred Clark wa kampuni ya Edison alitengeneza filme juu ya kukatwa kichwa kwa malkia Mary Stuart. Kamera ilisimamishwa, mahali pa mwigizaji wakaweka sanamu, kamera ikaendelea, na shoka likashuka.

Jambo la maana zaidi lilijulikana kisha miaka mingi. Watafiti walipochunguza mikanda ya Méliès kwa karibu, waliona alama za gundi kila mahali ambapo mtu anatoweka ao kitu kinageuka. Kumbe kusimamisha kamera hakukutosha. Picha zilizopigwa wakati mashini inasimama na wakati inaanza tena zinaharibika. Kwa hiyo alichukua makasi, akakata zile mbovu, akaunga mkanda vizuri ili jicho lisishituke. Kazi hiyo ndiyo tunaita leo montaji. Watu wengi hufikiri montaji ilizaliwa siku watengenezaji walipoanza kuunganisha sehemu mbalimbali za hadithi. Lakini Méliès, huyu ambaye vitabu vingi vinamuhesabu tu kama fundi wa maajabu, alikuwa tayari anakata na kuunga.

Sasa, kamera ikisimama mara moja, kitu kimoja kinageuka. Ikisimama kisha kila picha, na kila mara mtu akisogeza kitu kidogo tu, kitu hicho kinaanza kutembea chenyewe. Hapo ndipo desen anime inaanzia.

Michoro 700 kwa dakika moja na kidogo

Tarehe 17 Agosti 1908, wakaaji wa Paris waliona « Fantasmagorie » ya Émile Cohl. Alikuwa amechora michoro kama 700 kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, akapiga kila mmoja picha mbili, kisha akatumia mkanda wa negativu, ule ambamo nyeusi inakuwa nyeupe. Mbele ya watazamaji ilionekana kama chaki inayocheza kwenye ubao wa masomo. Filme nzima haifiki dakika mbili.

Tufanye hesabu. Sinema ya kawaida inapitisha picha 24 kila sekunde. Kila mchoro ukipigwa mara mbili, zinahitajika michoro 12 kwa sekunde, ni kusema 720 kwa dakika. Filme ya dakika 7 inaomba michoro zaidi ya 5 000. Ndiyo sababu mafundi walitafuta njia za kupunguza kazi. Mwaka wa 1914, Mmarekani Earl Hurd aliandikisha njia ya kuchora wahusika kwenye selulodi inayoangaza kama kioo, ili nyumba na miti vya nyuma vichorwe mara moja tu. Viwanda vikubwa vya Marekani vilisimama juu ya njia hiyo kwa miaka mingi. Inahitaji watu wengi na feza nyingi.

Njia ya maskini ni nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri zaidi: kukata karatasi. Mjerumani Lotte Reiniger alikata wahusika katika karatasi nyeusi, akaunga mikono, miguu na shingo zao kwa waya mwembamba, akawalaza kwenye kioo chenye taa chini yake, na kamera juu ikitazama chini. Hakuna kuchora upya: unasogeza mkono kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Kwa njia hiyo yeye na wenzake walitengeneza filme ndefu, « Mambo ya Prince Achmed », kati ya 1923 na 1926, ndani ya chumba kilichokuwa juu ya garaji huko Potsdam. Ilikuwa miaka zaidi ya kumi mbele ya Walt Disney kutoa Blanche-Neige mwaka wa 1937.

Mwanamke kwenye meza ya montaji

Mwaka wa 1929, katika Muungano wa Kisovieti, Dziga Vertov alitoa « Mtu mwenye kamera ». Katikati ya filme, farasi anayekimbia anasimama ghafula, na sisi tunaona picha zisizotikisika. Kisha anaonekana mwanamke mmoja kwenye meza, anakata mikanda na kuipanga. Ni Elizaveta Svilova, bibi ya Vertov, mwenye kufanya montaji ya filme hiyo hiyo tunayotazama. Anashika kipande chenye sura ya mtoto, sura imelala kimya kwenye mkanda. Kisha kidogo, mtoto anaanza kucheka. Mbele ya filme kuisha, miguu mitatu ya kamera inatembea yenyewe na kuinamia watazamaji, kwa ujanja ule ule wa kusogeza na kupiga picha moja moja. Sijui filme nyingine inayoonyesha wazi hivyo kwamba montaji na desen anime ni ndugu.

Tofauti yao ni moja. Mwenye kupiga filme ya watu anaweza kupiga masaa 20 na kutupa 18. Mwenye desen anime hawezi. Kila sekunde anayotupa ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo montaji yake inafanyika mbele: anachora hadithi yote katika vyumba vidogo kwenye karatasi, sawa bande desine, anahesabu sekunde za kila chumba, ndipo anawasha kamera.

Nani anashika makasi?

Kongo iliona desen anime mbele ya uhuru. Katika miaka ya 1950, padri Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filme fupi juu ya Mboloko, yule swala mdogo mwerevu wa hadithi zetu. Mnyama alikuwa wa kwetu. Makasi yalikuwa ya mugeni.

Huko Niger, Moustapha Alassane aligeuza mambo hayo kisha uhuru. Filme yake ya 1966, « Bon voyage Sim », inafuata rais wa inchi ya vyura anayealikwa kutembelea inchi nyingine. Anaporudi anakuta wamekwisha kumuondoa. Ni kicheko cha dakika chache, lakini Afrika ya miaka ile ilielewa haraka.

Kibushi naye alianza na chura. « Le crapaud chez ses beaux-parents », ya 1991, inatoka katika hadithi ya Watetela. Studio yake inaitwa Malembe Maa. Katika lingala, malembe ni polepole, na hakuna neno linalofaa kazi hii zaidi. Mwaka uliofuata ikatoka ile ya uporaji. Michoro ya watoto haisemi yenyewe kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Kuipanga, kuamua kila mmoja ukae mbele ya macho sekunde ngapi, hiyo ndiyo montaji, na ndiyo iliyofanya karatasi zile ziwe ushuhuda. Mwaka wa 1999, katika « Muana Mboka », alitumia sanamu ndogo kusimulia maisha ya mtoto wa barabarani wa Kinshasa, wale wanaoitwa shege kule na maibobo huku kwetu.

Kwa vijana wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia wanaotaka kujaribu, telefone inatosha, na kuna programu za bure za kupiga picha moja moja. Telefone ifungwe isitikisike hata kidogo, ikitazama chini kwenye meza. Musitumie mwangaza wa dirisha: wingu likipita, filme yote itakuwa inapepesa. Taa mbili za betri, moja kila upande, ni bora kuliko jua, na hazikatiki katikati ya kazi kama umeme. Mtu mmoja asogeze karatasi, mwingine abonyeze, wa tatu ahesabu. Anzeni na sekunde 10: ni picha 120.